Kuwapanga Wadaka Mishale

Ndugu msomaji, Jumapili hii nakuandikia viganja vikiwa vimechubuka na mgongo ukilia kama kitanda cha kamba. Sikulima, wala sikupasua kuni. Nilichota maji. Nilijaza pipa zima la lita 200 kwa ndoo ya lita 20, katika baridi ya Juni ya Tosamaganga, mbele ya watoto waliocheka hadi wakakaa chini. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilimpenda mno golikipa mmoja. Nipe dakika chache nikueleze, maana kisa chenyewe kina faida kwa kila mzazi ambaye mtoto wake hucheza mpira, na faida kubwa zaidi kwa yule ambaye mtoto wake amewekwa langoni.

Tosamaganga, kwa wasiopajua, ni mji wa misheni uliokaa juu ya kilima, si mbali na Iringa mjini, wenye kanisa, hospitali na shule ya sekondari. Jirani yake ni Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa. Husimuliwa kwamba mwaka 1894 Wajerumani waliiweka mizinga yao kilimani hapa wakaipiga Kalenga, na watu wakasema wageni wale wanatupa mawe. Ndipo jina likazaliwa, kwani maganga katika Kihehe ni mawe. Basi nilipokuwa napanda kilima nilijisemea kwamba naenda mahali penye sifa ya kurusha. Sikujua kwamba ningewakuta watu ambao mazungumzo yao, asubuhi hadi jioni, ni juu ya kudaka.

Nilikwenda kumjulia hali dada yangu. Baada ya "kamwene" na chai ya maziwa, nikatoka kibarazani, nikawakuta vijana wanne wameinamia simu yenye kioo kilichopasuka, na pembeni yake daftari la shule. Mmoja wao ni mpwa wangu, kijana wa miaka 16, golikipa wa timu ya vijana ya pale. Alinisalimu vizuri, "Shikamoo Mjomba," kisha akarudi katika ukimya. Nikaona glavu zake zimetundikwa msumarini ukutani. Dada akaninong'oneza kwamba tangu Jumamosi hazijashushwa. Timu yao ilikuwa imefungwa mabao manne na kijiji cha jirani, na njia nzima ya kurudi nyumbani watu walimwimbia.

Wale wenzake watatu walikuwa katika mchezo ambao leo huchezwa na mamilioni ya watu duniani, nao wanauita fantasi. Ni kandanda ya kufikirika. Kila mchezaji hupewa fedha za hewani, pauni milioni 100, anunue kikosi cha watu 15 kutoka ligi kuu ya Uingereza, wawili kati yao wakiwa makipa, na asichukue zaidi ya watatu katika klabu moja. Wachezaji wale wakicheza kweli huko kwao, wewe uliyeketi Tosamaganga unahesabiwa pointi. Kipa akicheza dakika 60 au zaidi hupata pointi 2. Asipofungwa huongezewa 4. Kila akiokoa mashuti matatu hupata 1. Akipangua penalti 5. Kila akifungwa mabao mawili hukatwa 1. Na akifunga bao yeye mwenyewe, jambo ambalo hutokea kwa nadra kama mvua ya Agosti, tangu msimu wa 2024/25 hupewa 10.

Mchezo huu haukuzaliwa katika kandanda. Mwaka 1980, mwandishi mmoja wa Marekani, Daniel Okrent, na rafiki zake walianzisha ligi ya namna hii kwa ajili ya besiboli, na wakaipa jina la mkahawa wa New York walikokuwa wakikutana kula. Katika besiboli mtu anayeumiza vichwa vya wapangaji ni mrusha mpira anayeanza mchezo. Yeye husimama peke yake katikati ya uwanja, timu ikishinda amesifiwa, ikishindwa ameandikiwa. Wamarekani huwapanga warushaji wao kwa madaraja kila mwaka, na hutukanana juu ya madaraja hayo kama sisi tunavyotukanana juu ya Simba na Yanga. Sisi hatuna mrushaji. Tunaye mdaka mishale. Mizigo yao inafanana kama mapacha.

Sasa vijana wale, kwa kuwa msimu wa Uingereza ulikuwa mapumzikoni na vidole vyao vinawasha, walikuwa wamechukua sheria zile za kigeni wakazivalisha kanga. Katika daftari lao wameorodhesha makipa wa kwetu, wa zamani na wa sasa, nao hawakubaliani hata kwa nukta. Waliponiona wakafurahi. "Mjomba ni mtu wa gazeti," akasema mdogo wao, "atupangie yeye, na atakachoandika ndicho." Ndugu msomaji, mwandishi akiambiwa kwamba atakachoandika ndicho, akili humtoka. Nikaomba kalamu. Nikapanga hivi.

Daraja la kwanza nikaliita la Kuuza Ng'ombe, yaani kipa ambaye ili umpate uko tayari kuiambia familia yako kwamba mwaka huu hakuna maziwa. Humo nikamweka Juma Kaseja peke yake. Mwenyezi Mungu hakumpa urefu wa mnazi, lakini alimpa moyo wa paka aliyezingirwa. Amedakia Simba, amedakia Yanga, na huku kwetu Nyanda za Juu akavaa jezi ya Mbeya City. Mwaka 2003, Simba walipokwenda Cairo kukutana na Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, ni yeye aliyesimama katika mikwaju ya penalti Waarabu wakatolewa nyumbani kwao. Mwaka 2019, watu walipokwisha kumwandalia kiti cha wastaafu, akarudishwa Taifa Stars, na Burundi wakang'oka kwa penalti Dar es Salaam bila kufunga hata moja.

Daraja la pili ni la Kuuza Mbuzi Wawili na Kukopa wa Tatu. Hapa yuko Mohamed Mwameja, aliyelinda lango la Simba walipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, na mlango wa pili yuko Djigui Diarra wa Mali, aliyekuja Yanga mwaka 2021. Diarra hudaka kwa mikono na hucheza kwa miguu, na akiwa na mpira miguuni karibu na mshambuliaji, wapenzi wa Yanga hufumba macho na wale wa Simba huyafumbua. Mwaka 2023 alikuwa langoni Algiers timu yake ilipowafunga USM Alger bao 1-0 katika fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho. Kwa pointi za vijana, kutofungwa huko kumempa 4 juu ya 2 za kucheza. Kombe likabaki Algeria, kwa sababu Yanga walikwisha kufungwa 2-1 nyumbani. Hesabu ya fantasi haina chozi.

Daraja la tatu nikaliita la Bei ya Mahindi, maana bei ya mahindi hupanda na kushuka ilhali mahindi ni yale yale. Humo nikamtia Aishi Manula. Vijana wakapiga kelele, nikawaambia wangoje. Tarehe 5 Novemba 2023 Simba walifungwa na Yanga 5-1 yeye akiwa langoni: pointi 2 za kucheza, toa 2 za mabao, jibu sifuri. Januari 2024, katika Kombe la Mataifa ya Afrika, Morocco wakatufunga 3-0: pointi 1. Zambia, sare ya 1-1: pointi 2. Kongo, sare ya 0-0: pointi 6. Sifuri, moja, mbili, sita! Ndani ya miezi mitatu isiyotimia, mtu ni yule yule, mikono ni ile ile. Tangu lini mkulima akalaumiwa kwa bei ya soko?

Daraja la nne ni la Wasafiri, nikamweka Ivo Mapunda, aliyewahi kudakia Prisons ya Mbeya, kisha akavuka hadi Yanga, Ethiopia, Kenya, na Simba. Mtu wa Nyanda za Juu akishazoea baridi, hakuna lango linalomtisha.

Daraja la mwisho nikaliita la Wasiopangika. Hapa wako Athumani Mambosasa, wa Simba ile iliyofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 1974, na Juma Pondamali, mmoja wa makipa waliokwenda Lagos na Taifa Stars mwaka 1980. Hawapangiki kwa kuwa picha za kazi yao zimekaa vichwani mwa wazee, na mzee hakubali kukosolewa hesabu.

Wakati huo huo mzee mmoja jirani, aliyekuwa akipita na fimbo yake, alisimama kusikiliza. Kusikia Mambosasa amewekwa chini ya vijana wa jana, akaketi bila kukaribishwa. "Ninyi," akasema, "mnapima maziwa kwa futi kamba." Ndipo mdogo wa wale vijana, mwenye hila kama sungura, akapendekeza tumalize ubishi kwa shindano. Kila mtu achague kipa mmoja na mechi moja tu katika historia. Pointi zihesabiwe kwa sheria za daftari, ila mashuti yaliyookolewa yasihesabiwe, kwa kuwa hakuna aliyeyaandika. Wa mwisho atajaza pipa la maji la mama wa mshindi. Mpwa wangu akafanywa karani. Yeye hakuchagua. Alisema hana hamu.

Nilicheka moyoni. Nikachagua Kaseja, Cairo, 2003. Nani angeushinda usiku ule? Kijana mmoja akamchukua Manula na sare ya Kongo. Mwingine akachukua Mwameja, fainali ya kwanza kule Abidjan dhidi ya Stella, 0-0. Mzee akagonga fimbo: "Lagos, 1980, siku ya Nigeria. Lango la Tanzania. Sitaji mtu, nataja lango." Mdogo wao akajikuna kichwa, akasema kwa sauti ya chini: "Kaseja. Tarehe 6 Mei 2012. Simba na Yanga."

Karani akaanza kuhesabu. Manula na Kongo: 2 na 4, jumla 6. Mwameja Abidjan: vivyo hivyo, 6. Kaseja na Yanga mwaka 2012: Simba walishinda 5-0, hakufungwa, na mojawapo ya mabao yale matano alilifunga mwenyewe kwa penalti. Mbili, na nne, na kumi: 16! Kijana akaruka juu. Kisha ikafika zamu yangu. Mpwa wangu akaniangalia kwa huruma. "Mjomba, Cairo Simba walifungwa 1-0 katika dakika 90. Kwa hiyo ile 4 huna. Na penalti za mwisho, zile za kuamua mshindi, hazihesabiwi katika mchezo huu. Una pointi 2."

Mbili! Usiku ambao bingwa wa Afrika alivuliwa taji, usiku ambao nchi nzima haikulala, una thamani ya kukaa uwanjani dakika 60 tu. Nikapinga, nikanukuu, nikatishia kuandika gazetini. Sheria haikutetereka. Na chungu zaidi, ndugu msomaji, ni kwamba nimeshindwa na mtu yule yule niliyemchagua.

Faraja yangu ilikuwa Lagos. Nigeria walitufunga 3-1: mbili toa moja, mzee ana pointi 1. Wa mwisho ni yeye! Nikamgeukia. Mzee akaitazama ndoo, akanitazama mimi, akasema kwa upole, "Mwanangu, hivi kwenu wazee huchota maji?" Hapo hapakuwa na rufaa. Nikainuka, nikaishika ndoo.

Katika safari yangu ya sita au ya saba kutoka bombani, nilikaa juu ya jiwe kupumua, na mpwa wangu akaja kunipokea ndoo. Nikamweleza jambo nililolisoma juu ya besiboli. Mwaka 2018 mrushaji mmoja wa New York Mets, Jacob deGrom, aliruhusu wapinzani wastani wa mikimbio 1.70 tu kwa kila vipindi tisa, na msimu ule hakuna mrushaji wa ligi yake aliyemfikia kwa hesabu hiyo. Lakini katika safu ya ushindi aliandikiwa mechi 10 tu, na kushindwa 9, kwa sababu wenzake walikuwa hawampatii mikimbio. Mtu wa kawaida akisoma safu ile pekee atasema huyu ni wa kati kwa kati. Waliopewa kazi ya kuchagua mrushaji bora wa mwaka walitazama kazi yake yote, wakampa yeye tuzo ya Cy Young.

Kijana akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mimi nilifungwa manne, Mjomba. Wamenitia sifuri daftarini." Nikamwuliza mabeki wake walikuwa wapi. Akasema wawili walikuwa wamekwenda kuvuna, na waliosimama badala yao ni watoto wa darasa la saba. Nikamwuliza aliokoa mashuti mangapi. Akasema hajui, nani ahesabu mashuti ya kipa aliyefungwa?

Tuliporudi nyumbani, dada yake mdogo, binti wa miaka tisa, alikuwa uani anacheza mdako, akirusha kijiwe juu na kuvikokota vingine shimoni kabla hakijatua. Alimsikia kaka yake akirudia habari ya mashuti kwa mama. Bila kuinua kichwa akasema, "Kumi na manne." Tukamgeukia sote. Akaeleza kwamba Jumamosi alikaa nyuma ya goli na vijiwe vyake, na kila kaka alipodaka au kupangua, aliweka kimoja pembeni. Alipokwenda kuvileta vilikuwa vimefungwa katika pindo la kanga. Tukavihesabu mezani: 14.

Mpwa wangu akachukua kalamu yeye mwenyewe. Mbili za kucheza. Mashuti 14 ukigawa kwa tatu ni pointi 4, na mawili yamebaki. Toa mbili za mabao manne. Jumla 4. Shuti moja tu zaidi, na zingekuwa 5. Alizitazama zile namba kwa muda mrefu. Kisha akafuta ile sifuri ya wenzake, akaandika 4, na chini yake, kwa mwandiko mdogo, akaandika: "Mjomba, 2."

Ndugu msomaji, sikudharau mchezo huu wa vijana, na wala sitaki uuzuie nyumbani kwako, maadamu hauchezwi kwa fedha. Unafundisha kuhesabu, unafundisha subira, na umenifundisha mimi kuchota maji. Lakini nimeona kwamba sehemu kubwa ya pointi za kipa si zake. Kutofungwa ni kazi ya watu wengi, na kufungwa pia. Alama inayotoka huandikwa kwa jina lake kwa kuwa yeye ndiye wa mwisho kuonekana mpira ukipita. Kilicho chake hasa ni yale mashuti aliyookoa, nayo ndiyo ambayo katika shindano letu tuliyaacha nje kwa sababu hakuna aliyeyaandika.

Sasa tazama nyumba yako. Kila nyumba ina kipa wake. Yuko mama ambaye chumvi ikikosekana siku moja husemwa mwezi mzima, na siku 29 ambazo ilikuwepo hazina mwandishi. Yuko mtoto mkubwa anayelea wadogo zake. Mmoja akianguka huitwa yeye. Yuko baba aliyezuia madeni kumi mlangoni, likapita la kumi na moja. Kabla hujawapanga watu wako kwa madaraja, jiulize nani alikaa nyuma ya goli na vijiwe.

Mimi nimerejea mjini. Orodha yangu ya madaraja imebaki kule katika daftari, nao wanaendelea kuigombania. Jana dada amenipigia simu kuniambia habari mbili. Ya kwanza, yule mzee amepita tena kudai Mambosasa apandishwe. Ya pili, msumari wa ukutani uko mtupu: glavu zimekwenda uwanjani, na binti naye amekwenda nyuma yake, pindo la kanga likiwa zito.

Tuonane Jumapili ijayo.